Sauti ya Kuazima kwa Falaniko

Kaa vizuri, maana haya ninayokwambia ukimsimulia mtu atakugusa kipaji cha uso aone kama una homa. Mwanaume alisimama katikati ya uwanja wa kijiji cha Vaisalu, watu wote wanamtazama, akahutubia mpaka akina mama wakajifuta machozi kwa pindo za nguo. Na mwanaume huyo koo hana. Lilibaki Auckland kwenye chumba cha upasuaji, yeye akarudishwa Samoa na tundu shingoni na kitambaa cheupe juu yake, kama mtoto anayelishwa uji. Sauti iliyosikika pale uwanjani ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yake kwenye majani, mdomo kaufunga.

Umeshaanza kutikisa kichwa. Ngoja kwanza.

Mzee anaitwa Leatulagi. Hicho ni cheo cha ukoo, na kwetu mtu akishapewa cheo, jina la utotoni anabaki nalo marehemu mama yake. Yeye ndiye msemaji wa ukoo pale kijijini Fagaloto. Pakiwa na harusi, msiba, ugomvi wa mpaka, anasimama yeye, fimbo ndefu mkononi, usinga begani, na maneno yanatoka kama maji ya mtoni. Yalikuwa yanatoka. Baada ya Auckland alibaki na simu na kidole gumba. Anaandika, kisha anakugeuzia kioo usome. Ukiwa huna miwani, basi tena.

Binti yake Fuatino anafanya kazi mjini Apia, kwenye ofisi moja inayogeuza maandishi yawe sauti. Tangazo la kimbunga, siku za chanjo, taarifa za watu wasioona: anabandika maandishi kwenye kompyuta, kompyuta inayasoma, anasevu faili la sauti, linapelekwa redioni. Ukimuuliza mama yake, Lupe, binti yako anafanya nini mjini, anakujibu anafundisha makabati kuongea.

Basi asubuhi moja simu ikatoka ng'ambo, kisiwa cha Savai'i: Sinira amefariki. Sinira ni dada mkubwa wa Leatulagi, aliolewa Vaisalu enzi hizo. Na kwetu dada ni mboni ya jicho la kaka yake. Dada akifa, ukoo wake unavuka na mikeka ya heshima, ile laini inayosukwa mwaka mzima, na msemaji wa ukoo anasimama uwanjani kumsemea. Asiposimama, ni kama mmemtupa.

Jioni wakakaa kikao. Swali lilikuwa moja tu, nani atasimama, na wote wakaangalia chini, maana jibu lilikuwa limekaa palepale linakunja vidole. Falaniko. Baba zao ni ndugu, yeye na Leatulagi, wanakaa ua mmoja, nyumba zinatazamana, na nyumba zetu hazina kuta, ni nguzo na paa tu, ukikohoa kwako jirani anakwambia pole. Falaniko naye ni msemaji, wa pili. Amekuwa wa pili mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Kila mtu pale alijua kwamba atakayemsemea Sinira ndiye atakayebaki na fimbo moja kwa moja.

Leatulagi akaandika kwenye simu, akaigeuza. Mzee wa kwanza akasoma, akampa wa pili, ikazunguka mpaka kwa Falaniko. Falaniko akaisogeza mbali, akaikaribisha, akasoma kwa sauti ili hata walioko jikoni wasikie:

"Mimi nitasimama."

Hakucheka yeye. Waliocheka ni wengine, kidogo, puani. Kwa Leatulagi ilikuwa afadhali wangemtemea mate.

*

Fuatino akaomba ruhusa kazini, akarudi Fagaloto na laptopu. Wazo lake lilikuwa jepesi. Baba aandike hotuba, yeye aigeuze faili la sauti, waazime spika ya kanisa, baba asimame na fimbo yake, spika iseme. Wasemaji wangapi wanasimama na karatasi mfukoni siku hizi? Hii ni karatasi inayojisoma.

Ile ya kwanza aliitengeneza kwa sauti ya ofisini, ambayo ni ya mwanaume laini, kama amenyonya peremende. Akaifungulia barazani. Mama yake akaweka chini taro, lile gimbi alilokuwa akimenya. Si kwamba maneno yalikosewa. Ila sisi tukiandika tunaandika T, na kanisani tunasema T, lakini msemaji akisimama uwanjani, T yote inageuka K, ndipo damu inachemka. Kompyuta ikasoma kila kitu kama kilivyoandikwa. Ikawa ibada.

Falaniko alikuwa anapita na jembe. Akasimama.

"Fua, babako amepewa uchungaji lini? Mbona hatukualikwa?"

Akaenda zake. Na kibaya ni kwamba alisema kweli. Leatulagi akaandika: FUTA HIYO.

Utaniuliza, si wangechukua sauti ya mzee mwenyewe, ya zamani? Nami nakujibu, ipi? Maisha yake yote yule mzee hakukubali kurekodiwa. Hotuba ya ukoo ina mambo ndani yake, nani kamzaa nani, ardhi ipi ilitolewa kwa sababu gani. Ikirekodiwa inaibiwa, wasemaji wa koo nyingine wanaila kama mkate. Mtu akinyanyua simu uwanjani, Leatulagi alikuwa anaipiga kwa usinga inashuka. Fuatino alitafuta nchi nzima, akapata kipande kimoja cha harusini, tarumbeta zinalia, baba yake anasema maneno kama manne hivi.

Kompyuta inahitaji zaidi ya hapo. Inahitaji mtu aisomee, aisomee, aisomee, mpaka ijue anavyovuta pumzi. Fuatino akawa amekaa na kidevu mkononi, na jibu likawa linalima upande wa pili wa ua. Leatulagi na Falaniko sauti zao ni moja. Ni ya babu yao. Kwenye simu hata Lupe, mke wa mmoja wao, alikuwa akiwachanganya. Zamani alishawahi kumgombeza Falaniko kwa simu kuhusu nyavu za kuku mpaka mwisho, Falaniko kimya, halafu akamwambia, "Shemeji, nimesikia, nitamfikishia mumeo."

Walimwendea asubuhi, Lupe na binti yake. Lupe alikaa ukingoni mwa nyumba, pale kwenye nguzo ya mwisho, wanapokaa wanaoomba. Falaniko alikuwa anakunywa kakao. Aliwaona. Akaendelea kunywa. Akapuliza, akanywa, akatafuna zile chembe za chini, akachungulia bakuli kama kuna kilichobaki. Mke wake Simativa aliona aibu mpaka akaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiliwa.

Lupe akasema shida yake yote, kwa maneno ya heshima, kichwa chini.

"Kwa hiyo," Falaniko akasema, "anataka mdomo wangu bila mimi."

"Anataka kumzika dada yake," Lupe akasema.

Hapo akaweka bakuli chini. Maana Sinira ndiye aliyemlea na yeye, alimbeba mgongoni, hilo hawezi kulikana. Mwisho akamgeukia Fuatino, akasema kwamba atakubali kwa sharti. Siku ya msiba, basi. Mkirudi unaifuta, mbele yake. Hataki kwenda sokoni siku moja akute sauti yake inauza samaki.

"Nitaifuta, baba mdogo," Fuatino akasema.

"Sema tena."

Akasema tena.

*

Kimya ndani ya kijiji kinapatikana wapi? Jogoo, watoto, mvua kwenye bati, kwaya inafanya mazoezi. Wakaishia ndani ya pikapu ya mchungaji, vioo vimepandishwa, magodoro yamewekwa pande zote. Joto lake usiombe. Falaniko alivua shati, akabaki na lavalava, ile nguo ya kiunoni, na taulo, jasho linamtiririka kidevuni, Fuatino anashika kinasa sauti. Nasaba za ukoo alikataa kuzisoma, na hapo alifanana na nduguye kama pacha. Kwa hiyo alisoma magazeti. Alisoma matokeo ya ragbi. Alisoma maonyo ya kimbunga cha mwaka juzi kwa ukali hivi kwamba Fuatino alitaka kwenda kufunga madirisha ya kanisa. Maandishi yalipoisha alisoma kopo la samaki, viungo, uzito, tarehe ya kuharibika, kwa sauti ya uwanjani, K zote mahali pake, na Fuatino akacheka mpaka ikabidi waanze upya.

Siku ya mwisho Falaniko alishuka garini, akakaa kwenye ngazi ya kanisa akijipepea.

"Fua. Unajua mimi sijawahi kusimama kwenye msiba mkubwa?"

Fuatino akasema anajua.

"Haya," akasema, akavaa shati.

Hotuba ilipokuwa tayari, Fuatino alimfungulia baba yake akiwa peke yake. Maneno ya Leatulagi, neno kwa neno, kwa sauti ileile aliyokuwa nayo yeye kabla ya kisu. Mzee alisikiliza ameshika kile kitambaa cha shingoni. Fuatino alitegemea atafurahi. Mzee akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Aliporudi alikuwa ameandika kitu kimoja: SPIKA IWE NA CHAJI.

*

Vaisalu walifika jua limesimama. Kwenye feri Leatulagi alikaa na fimbo katikati ya magoti, na watu waliomjua walikuja kumsalimia halafu wanakosa la kuongeza, wanaondoka.

Uwanjani wenyeji wamekaa upande wa bahari, jeneza liko ndani ya nyumba kubwa. Msemaji wa wenyeji anaitwa Saolele, mtu mpana, amekunja miguu, hana haraka. Leatulagi akasogea mbele, akasimika fimbo, akapiga usinga bega la kulia, bega la kushoto. Nyuma yake mwanawe na laptopu kwenye mkeka, spika ya kanisa imefunikwa shela nyeupe. Nyuma zaidi, kwenye majani, ukoo wote, Falaniko akiwa mstari wa mbele.

Fuatino akabonyeza.

Sauti ikatoka, watu wakakaa sawa. Nakwambia hata mbwa walinyamaza. Walijua koo la Leatulagi limekatwa, habari zilivuka bahari kabla yake, sasa wanamsikia. Sauti ikamshukuru Mungu kwa alfajiri. Ikamwita Sinira, binti wa ua wa Fagaloto, aliyeondoka na sanduku moja na leo analala kwenye mikono ya watu. Akina mama wa Vaisalu wakaanza kulia. Leatulagi midomo yake ilikuwa inaenda na maneno, polepole, na mkono haukutetemeka.

Halafu sauti ikaanza kuwataja wenyeji vyeo vyao, mmoja baada ya mwingine, na hapo Saolele akafanya kitu ambacho kila msemaji wa Samoa anakifanya. Alimkata.

Sikiliza, kwetu kumkata msemaji ni adabu. Mgeni anapoanza kutaja vyeo vyenu, mwenyeji anamwambia inatosha, ndugu yangu, jua kali, tumeshasikia mapenzi yako, pumzisha fimbo. Mgeni anabishia kidogo, niacheni jamani. Mwenyeji anakaza. Mgeni anakubali kwa neno zuri, anashukuru, anakaa. Ni mchezo wa watu wazima, na uzuri wa msemaji unaonekana hapohapo. Mtoto mdogo anajua. Fuatino anajua. Leatulagi amekatwa miaka na miaka. Lakini alipokaa kuandika, aliandika hotuba kutoka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba hakuna duniani atakayemkata, na binti yake akaigeuza sauti kama ilivyo. Kwenye kioo cha simu hakuna Saolele.

"Leatulagi," Saolele akasema kwa upole, mkono umenyooshwa, "nakuomba, pumzisha fimbo."

Spika ikaendelea.

Saolele akarudia. Spika ikaendelea, juu ya maneno yake, na kibaya zaidi ilikuwa imefika kwenye cheo chake yeye, ikakitaja kwa nguvu huku mwenyewe anaongea. Upande wa bahari watu wakaanza kunong'ona. Kijana mmoja akacheka. Saolele uso ukabadilika.

Fuatino akabonyeza, ikanyamaza. Na hiyo ikawa mbaya kuliko ile ya kwanza. Kwa sababu msemaji akikatwa na asijibu, maana yake amekasirika, ameiacha laana pale uwanjani na maiti iko ndani. Leatulagi aligeuka akamtazama mwanawe. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika. Fuatino akaanza kuandika jibu, vidole vimekuwa ndizi, anaandika, anafuta, anaandika. Kijiji kizima kinasubiri. Lupe alishaanza kulia, na si kwa ajili ya Sinira.

Ndipo sauti ikasema:

"Saolele, umenikata kama mtu anavyokata jani la mgomba jua likiwa utosini. Jani limeanguka kwangu, kivuli kimebaki kwako. Nilitaka kuwataja wote. Umeniona nimechoka kuliko nilivyojiona. Basi nashusha fimbo yangu, na dada yangu namwacha kwenu."

Leatulagi, kwa kuwa ni msemaji mpaka kwenye mifupa, alishusha fimbo palepale, kwenye neno lake, hakuchelewa hata kidogo. Watu wakashusha pumzi. Wakasema ndiyo, ndiyo, maneno hayo. Karibu wote walidhani ni spika. Lakini Fuatino alikuwa bado anaandika. Akageuka. Falaniko ameinama, anatazama majani kati ya miguu yake, masikio yamekuwa mekundu.

Saolele naye hakuwa mjinga. Alimwona.

Sasa kwetu aliyesema hapewi asante ya mdomo. Anapewa mkeka, mbele za watu, na mkeka huo ndio ushahidi kwamba siku ile fulani ndiye aliyesema. Saolele akaamuru uletwe mkeka mzuri, wenye manyoya mekundu pembeni, akaubeba mwenyewe, akavuka uwanja. Alipofika katikati akasimama. Akamtazama Leatulagi aliyesimama na fimbo. Akamtazama Falaniko aliyekaa. Akautua chini, kwenye majani, akarudi kukaa.

Kuuokota ni kazi ya binti wa ukoo. Yaani Fuatino.

Akaenda akauokota. Ni mwepesi, mikeka ile ni kama kitambaa. Mbele yake baba yake, ambaye maneno yote ni yake isipokuwa yale yaliyowaokoa. Nyuma ya baba yake yule mwingine, ambaye sauti yote ni yake, na mwisho wa hotuba ni wake mzima. Falaniko aliinua uso. Hakumwomba, ila aliinua uso. Halafu Fuatino akaona mkono wa baba yake ulioshika fimbo umeanza kutetemeka.

Akampelekea baba yake.

*

Kurudi, Falaniko hakukaa na watu. Alikaa chini, kwenye magari, amegeukia ukuta wa chuma wa feri. Nyumbani ukoo ulikuwa umeshaamua bila kikao: fimbo inabaki kwa Leatulagi, koo au bila koo. Lupe aliutandika ule mkeka juu ya sanduku, kila anayepita auone. Usiku uleule aliniuma sikio, mimi jirani yao, kuhusu lile neno la Falaniko, fimbo yangu. Kwa nini aseme vile? Angesema fimbo tu. Nikamwambia, mama, alikuwa anasema kwa niaba. Akaunyoosha mkeka upya.

Kesho yake Falaniko alikuja amevaa shati safi. Akakaa pale ukingoni, nguzo ya mwisho, kwa kusudi.

"Kazi imeisha," akasema. "Nirudishie changu."

Fuatino akaleta laptopu. Akataka kumshukuru, akaanza, Falaniko akampungia mkono aache. Alipokuwa karibu kubonyeza, Falaniko akamwambia ngoja. Akauliza kama inaweza kusema chochote. Fuatino akasema chochote.

"Iambie iseme jina langu."

Akaandika, akafungulia. Sauti ikasema jina lake na cheo chake cha msemaji wa pili, vizuri, kiuwanjauwanja. Falaniko akacheka peke yake. Akasema kumbe ndivyo ninavyosikika. Kisha akasema haya, iue.

Fuatino akaifuta, yeye anaangalia. Sanduku la taka la kompyuta nalo akalimwaga, akamwonyesha.

"Haipo tena popote?"

"Haipo, baba mdogo."

Na kule Apia, kwenye kompyuta ya ofisini, ile kubwa aliyoitumia kuifundisha, ilikuwepo. Alijua ipo. Alijiambia ataifuta akirudi kazini, na ninakwambia alikuwa na nia hiyo kweli.

Mwisho wa wiki iliyofuata akarudi nyumbani, akakuta mama yake ameketi ngazini, amemkumbatia mtoto hataki kumwachia. Mjukuu wao mdogo, ndiyo kwanza ameanza kutembea, alikuwa ametoka mpaka barabarani. Leatulagi alimwona. Alikuwa peke yake upande ule, mguu wake, wenye kidonda cha sukari kilichomzidi wiki ile, umepandishwa juu ya mto. Alifungua mdomo. Akapiga kikombe kwenye nguzo, akapiga, akapiga, Lupe yuko jikoni anadhani mzee anataka chai, akapaza sauti subiri, inachemka. Lori lilifunga breki, likamwacha mtoto amesimama na kidole mdomoni. Dereva alishuka akamtukana Leatulagi usoni. Wewe mzee unaangalia tu? Huna mdomo?

Fuatino alifuta kitu kimoja tu ofisini. Alifuta ile nia.

Sasa wanaishi hivi. Simu ya mzee ina programu, anaandika, inasema kwa sauti ya Falaniko. Mwanzoni ilikuwa ndani tu, kwenye kile chumba kimoja chenye kuta, imepunguzwa mpaka inanong'ona. Lupe, maji. Lupe, mtoto yuko wapi. Lupe anasema siku ya kwanza alipoitwa jina lake, alimwaga sufuria. Lakini mtu akishaanza kuongea, utamwambia nini? Kidogo kidogo mzee akatoka barazani. Kidogo kidogo akapandisha. Juzijuzi amemgombeza kuku.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada na chakula, kijiji kizima kimelala, Fuatino anaosha vyombo, Simativa alivuka ua na sahani ya majani ya taro yaliyopikwa na tui, imefunikwa. Hajafika, sauti ikatoka barazani: "Fua, njoo unifunike miguu, nzi."

Simativa akasimama pale kwenye mawe. Akageuka taratibu, akatazama nyumba yake. Falaniko alikuwa amelala chali kwenye mkeka, anaonekana wazi, mdomo uko wazi, anakoroma. Akamgeukia Fuatino. Fuatino povu mkononi.

Simativa akaja, akaweka sahani ukingoni.

"Mwambie babako apunguze," akasema chinichini. "Yule wangu usingizi wake mwepesi."

Akarudi kwake, akaketi karibu na kichwa cha mumewe, akaanza kumfukuzia nzi.

Tangu siku hiyo Fuatino hajui. Hajui kama Simativa amesema au amemeza. Falaniko akimsalimia anatafuta kitu kwenye salamu. Jana Falaniko alikohoa kwake, Leatulagi akanyamaza kwa woga, akarudi kupiga kikombe kwenye nguzo, na mjukuu akacheka akidhani ni mchezo. Na ile sahani imeoshwa, iko rafu ya juu, kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Lupe anasema weka ndizi zilizoiva, peleka, nyamaza, mtoto wangu, babako anaongea. Fuatino ameishika mara mbili na mara mbili ameirudisha rafuni. Akienda kwa Falaniko aseme kweli, itabidi aifute, na safari hii kila mahali. Asipokwenda, ameiba sauti ya mtu aliyewaokoa uwanjani, naye analala hatua chache tu kutoka hapo.

Mimi nimemwambia sijui. Wewe sahani ingekuwa mkononi mwako, baba yako anakutazama, ungefanyaje?